Huzuni Isiyo na Mshitakiwa

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, mahali ambapo upepo wa Juni na Julai humlazimisha mgeni atokaye pwani kuvaa koti mchana kweupe, hali ya mtu husomwa shambani mwake kabla ya kusomwa usoni pake. Mfipa aliyelelewa na wazee haaniki moyo wake hadharani. Humsalimu mkubwa wake kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, huulizwa habari za nyumbani akajibu kuwa ni njema, na hata kama usiku uliopita hakupata lepe la usingizi, jibu lake ni lile lile. Shamba ndilo lisiloweza kuficha. Tangu enzi za mababu wakulima wa uwanda huu wamekuwa wakifukia nyasi ndani ya vichuguu vya udongo mvua zinapokaribia kukatika, ili zioze na kuirutubisha ardhi, kisha huvibomoa na kuvitandaza mvua za mwaka mwingine zinapoanza. Na kazi hiyo, isiyosubiri wala isiyofanyika kwa mkono mlegevu, ndiyo inayowatangazia majirani kwamba fulani yu mzima. Basi yanapopita majuma mawili au matatu ya msimu, na kipande cha mtu aliyesifika kwa bidii kikabaki na nyasi zake, ndugu husema uvivu umemwingia, au husema pombe imemshinda, au, wakiketi wenyewe na kushusha sauti, husema kuna mtu amemfanyia kitu. Wasemao kwamba ameugua ni wachache, na hao ndio ningependa wawe wengi, maana maradhi ya sonona, ambayo ndiyo makusudi ya tafakari hii, aghalabu hubisha hodi kwa njia hiyo hiyo, pasipo chozi wala kilio.

Kinachoanza kumkimbia mgonjwa ni usingizi. Hujitupa kitandani saa tatu kwa uchovu, akazinduka saa tisa za usiku na kukodoa macho gizani mpaka majogoo, fikra zikizunguka mahali pamoja bila kupata pa kutokea. Kisha hupoteza ladha ya chakula. Migebuka iliyopandishwa kutoka Kasanga, ambayo zamani hakuwa akibakiza hata mfupa wake, sasa huisogeza pembeni baada ya matonge mawili, na mkanda wake huanza kutafuta tundu jipya. Wako pia wagonjwa wa kinyume chake, walalao mchana kutwa na kula bila kushiba, nao maradhi yao ni yale yale. Nguvu humtoka mtu bila kazi aliyoifanya, kauli yake hupungua mwendo, hatua zake huwa nzito, na wengine badala ya uzito hupatwa na fadhaa isiyowaacha kukaa kitako. Kila kilichokuwa kikimfurahisha, ngoma ya harusi, kwaya ya Jumapili, mjukuu anayejifunza kusimama, hukitazama akijua kwamba chastahili kumfurahisha na asifurahi, na kujua huko kukamwongezea ghamu. Akili iliyokuwa ikihesabu magunia, deni la mbolea na ada ya shule pasipo karatasi hushindwa kuamua kama auze debe leo au kesho. Na baada ya hayo, au pamoja nayo, huja hatia: hujiona mzigo kwa watu wake, hukumbuka makosa ya miaka ishirini iliyopita ambayo wenzake walikwisha yasahau, na katika hatia hiyo fikra ya mauti humjia mara ya kwanza kama ugeni wa kutisha, mara ya pili kama jambo la kuzungumzika. Matabibu wa leo wamekubaliana kwamba dalili za namna hii, zikifika tano katika tisa wanazozihesabu, zikadumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa muda usiopungua majuma mawili, na mojawapo ikiwa ama moyo kuelemewa ama kupotewa na raha ya mambo yote, hayo ni maradhi kamili, yenye haki ya kutibiwa kama yalivyo maradhi mengine.

Lakini ni nadra mtu huyo kufika zahanati ya kijiji chake, iwe upande wa Laela au wa Matai, akasema kwamba ana huzuni. Husema kichwa kinauma na kinapwita, mgongo unawaka moto, moyo unakwenda mbio, tumbo limejaa, mwili wote hauna nguvu. Hasemi uongo, kwani hivyo ndivyo maradhi yanavyosikika mwilini mwake. Hupimwa malaria, ikaonekana hana. Hupewa vidonge vya maumivu, akarudi baada ya juma na malalamiko yale yale, na mara ya tatu au ya nne hupata jina la msumbufu. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni hana wasaa wa kuuliza, na mgonjwa mwenye haya hana desturi ya kueleza asiloulizwa. Kwa sababu hiyo nalihesabu kuwa jambo kubwa kwamba wataalamu wa Muhimbili, akiwemo Profesa Sylvia Kaaya, walichapisha mwaka 2008 hojaji fupi ya maswali 19, iliyotengenezwa papa hapa Tanzania, ya kugundulia maradhi haya. Maana swali lililotungwa kwa lugha ya mwingine, hata likifasiriwa vizuri namna gani, hupita juu ya kichwa cha mtu asiyezoea kuuzungumzia moyo wake mbali na mwili wake. Wanaume wana maficho yao zaidi. Mwanamume wa uwandani akishindwa kulia hukasirika, na akichoka kukasirika huenda kilabuni, na watu humwona mlevi aliyeharibu nyumba yake, ilhali pombe ile ilianza ikiwa dawa aliyojiandikia mwenyewe kwa ajili ya usingizi.

Kuhusu namna za maradhi haya, sikuona mahali pazuri pa kuanzia kuliko kwa mwanachuoni mmoja wa Balkh, katika nchi iitwayo leo Afghanistani, Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, ambaye katika kitabu chake kuhusu siha ya miili na nafsi aliigawa huzuni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni huzuni ambayo sababu yake yajulikana: kufiwa, kupoteza mali, kutengana na kipenzi. Fungu la pili ni huzuni isiyo na sababu ijulikanayo, imshukiayo mtu na kumwondolea raha ya kila kitu, naye hajui ilikotoka. Na hii al-Balkhi aliinasibisha na mwili wenyewe, na damu, akaagiza itibiwe kwa tiba ya mwili, wakati ile ya kwanza aliiagizia maneno ya nasaha na faraja. Zaidi ya miaka elfu moja imepita, na elimu ya damu aliyoitegemea imekwisha pitwa, lakini mgawo wake bado una mashiko, na kwetu Ufipa una haja ya kipekee, kwa sababu tatizo letu kubwa ni kwamba fungu la pili tumelikana. Kwetu sisi hakuna huzuni isiyo na sababu. Na sababu, ikikosekana mbele ya macho, hutafutwa nyuma ya nyumba ya jirani.

Matabibu wa siku hizi wameongeza mengi juu ya mgawo huo. Wanajua kwamba mpaka wa mafungu hayo mawili una milango mingi: aliyefiwa na mume, ambaye kihoro chake kilikuwa halali na cha kawaida, huweza kuvuka bila mtu kutambua akaingia katika sonona yenyewe, na dalili ya kuvuka ni pale ambapo huzuni inaacha kumlilia marehemu na kuanza kumlaani aliyebaki. Wanajua sonona kali, imwangushayo mtu kwa miezi kadhaa kisha ikamwachia, na yaweza kumrudia. Wanajua ile sugu, iliyo nyepesi kwa uzani na nzito kwa urefu, ambayo kwa mtu mzima haitajwi kwa jina hilo mpaka itimize miaka miwili; nayo ndiyo nadhani imejificha kwa wengi katika vijiji vyetu, kwa sababu mwenye nayo hulima, hupika, huenda kanisani, na watu husema ni mtu mpole asiyependa maneno mengi. Iko ya wale ambao sonona kwao ni upande mmoja tu wa maradhi, na upande wa pili ni furaha iliyopita mpaka, wakati mtu halali, anasema bila kituo, anauza ng'ombe kwa ajili ya biashara aliyoiota jana; na huyu tabibu asipoulizia upande huo wa pili, akampa dawa za sonona peke yake, aweza kumdhuru. Iko hatimaye ile ambayo huzuni imeshuka chini kiasi cha kumfanya mgonjwa asikie sauti zisizokuwapo au kuamini mambo yasiyokuwapo, na hiyo nitairejea, maana hapo ndipo Ufipa na sonona zinapokutana kwa hatari kubwa kuliko mahali pengine pote.

Kabla ya hapo nina neno juu ya mama. Shirika la Afya Duniani husema kwamba zaidi ya mwanamke mmoja katika kumi wenye mimba au waliojifungua karibuni hupatwa na sonona, na kwamba kwa jumla wanawake huipata mara moja na nusu zaidi ya wanaume. Mama mzazi mwenye maradhi haya humtazama mtoto wake pasipo kumwona. Humnyonyesha kwa kuchelewa, humwacha alie, hujilaumu kwa kumwacha alie, na mama mkwe husema wasichana wa siku hizi hawafai. Sasa Rukwa ni mkoa ambao, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, umesifiwa kwa miongo mingi kwamba ndio unaoilisha nchi mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto wake walio chini ya miaka mitano karibu nusu, yaani asilimia 49.8, walikuwa wamedumaa. Maghala yamejaa na watoto hawakui. Sisemi kwamba sonona ya mama ndiyo iliyoleta udumavu huo. Sababu zake ni nyingi, zimo katika mlo wa aina moja, katika maji, katika kazi za shamba zimtoazo mama nyumbani tangu alfajiri. Nasema tu kwamba tafiti za nchi nyingi maskini zimekuta watoto wa mama wenye sonona wakidumaa zaidi ya wengine, na kwamba katika kliniki zetu, ambako mtoto hupimwa uzito kila mwezi kwa uaminifu wa kusifiwa, ni haki mama naye aulizwe kama analala na kama kuna siku hata moja katika juma ambayo moyo wake ulipata wepesi.

Narudi kwenye sababu na mahali inapotafutwa. Sumbawanga ni mji ambao jina lake hutajwa kote Tanzania pamoja na masihara ya uchawi na radi, na watu wake, ambao ni wachapakazi, wafuasi wa kanisa na wenye heshima kuliko wengi wanaowacheka, wamechoka kuyasikia. Sitaki kuongeza sauti yangu katika kicheko hicho. Imani kwamba balaa lina mtu nyuma yake ni ya kale na imeenea duniani kote, na ina faraja ndani yake: mwenye kujua nani amemdhuru, hata kama amejua uongo, hutulia kuliko asiyejua kitu. Mwanazuoni Roy Willis, aliyeishi miongoni mwa Wafipa tangu mwaka 1962 hadi 1964 na kuandika habari zao kwa mapenzi, alishuhudia wakati huo wimbi la kamchape, wale wasaka wachawi waliozunguka vijiji kwa vijiji wakitoa dawa na kuwafichua waliodhaniwa kuuficha uchawi, na makala yake juu yao ilichapishwa mwaka 1968. Watu waliwapokea kwa matumaini makubwa, na ni dhahiri kwa nini. Nani asingetamani kijiji kisafishwe siku moja, na maradhi, vifo, mavuno mabaya na mioyo mizito viondoke pamoja na vibuyu vilivyochomwa?

Ila sonona haiondoki hivyo, na gharama ya kuitafutia mwenyewe hulipwa mara mbili. Hulipwa kwanza na mgonjwa, ambaye miezi ya mwanzo, iliyo bora kwa tiba, huipoteza akihamishwa kwa mganga mmoja baada ya mwingine, mbuzi wakiuzwa, deni likiongezeka, na kila jina jipya la adui linalotajwa likimkatia uhusiano na mtu mmoja zaidi, mpaka anabaki peke yake na maradhi yanayoshamiri katika upweke. Hulipwa pili na mtuhumiwa. Ni nani katika kijiji aketiye peke yake kizani, asemaye mwenyewe kwa sauti ndogo, asiyehudhuria tena sherehe, mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, aliyekonda, asiyeitikia salamu kwa uchangamfu? Watu husema huyo ni mchawi. Tabibu akiisoma orodha hiyo hiyo pasipo kujua imeandikwa wapi, atasema huyo ni bibi kizee mwenye sonona, pengine aliyefiwa na watoto na kupikia moshi miaka hamsini. Katika mikoa kadhaa ya nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa alama hizo.

Liko na lingine lililo zito zaidi. Mwingereza mmoja, Margaret Field, aliyekuwa mchunguzi wa mila kabla ya kusomea utabibu wa akili, alikwenda kukaa katika vilinge vya waganga wa Ashanti, nchi ya Ghana, akiwasikiliza waliofika kuomba shufaa, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 aliandika kwamba wanawake wengi waliofika pale wakikiri kwa vinywa vyao kuwa ni wachawi, kwamba wamewala watoto wao na kuiharibu mali ya ndugu, walikuwa wagonjwa wa sonona. Hatia ile niliyoitaja, ambayo kwa mtu wa Ulaya humfanya ajione ameangamiza dunia kwa dhambi, kwa mwanamke aliyekulia mahali ambapo uovu mkubwa kuliko wote ni uchawi humfanya ajione mchawi. Hakuna aliyemtesa akiri. Anaamini. Na kijiji kinapomwona anakiri mwenyewe, husema ushahidi gani zaidi unatakiwa? Msomaji wa Ufipa afikiri maana ya jambo hili. Maungamo, ambayo mahakama na mabaraza yote huyahesabu kuwa ithibati ya juu kabisa, katika maradhi haya huweza kuwa dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria, na anayemhukumu bibi huyo kwa neno la kinywa chake anamwadhibu mgonjwa kwa sababu ameugua.

Ni vema ikumbukwe kwamba tulikwisha nyimwa hata haki ya kuugua. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari jijini Nairobi, naye akashikilia kwamba sonona ni nadra mno kwa Mwafrika, na miongoni mwa sababu alizozitoa ni kuwa Mwafrika hana mzigo wa kujihesabia dhima ya nafsi yake. Aliwaona waliofikishwa Mathari, ambao aghalabu walikuwa wameshavuruga amani ya serikali. Mama aliyejifungia ndani kijijini hakufikishwa kwake, na kwa kuwa hakumwona, akadhani hayupo. Field alimjibu kwa kwenda kukaa mahali ambapo wagonjwa walikuwapo. Baadaye, mwaka 1979, John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika vijiji viwili vya Uganda, wakiwalinganisha wanawake wake na wanawake wa Camberwell katika London kwa kipimo kimoja, na wakakuta sonona imezidi upande wa Uganda. Dhana ya Carothers imekwisha kataliwa na wenye elimu, lakini mabaki yake yamo ndani yetu wenyewe, kila mtu wetu asemapo kwamba sonona ni maradhi ya Wazungu, au ya matajiri wa Masaki, na kwamba mwenye jembe hana nafasi nayo.

Tiba ipo. Nasema hivyo kwa sababu wengi wanajua jambo moja tu mintarafu ya tiba ya akili, nalo ni Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927, ambayo jina lake limekuwa tusi shuleni na kwenye vijiwe. Na familia ya Namanyere ikifikiria safari ya mamia ya kilomita na fedheha itakayowasubiri wakirudi, huona heri kumfungia mgonjwa chumbani. Lakini walio wengi miongoni mwa wenye sonona hawana haja ya Mirembe asilani. Wana haja ya mtu wa kuwasikiliza kwa utaratibu, na baadhi yao wana haja ya vidonge, kama amitriptilini, ambavyo si ghali wala si vigeni nchini. Juu ya vidonge hivyo liko jambo moja ambalo mgonjwa asipoambiwa tiba huvunjika: madhara yake madogo, kukauka kinywa na usingizi mzito, hutangulia siku ya kwanza, na manufaa yake huchelewa majuma mawili mpaka manne. Mtu akivitupa siku ya tano akisema havifai, kosa ni la aliyempa bila kumweleza. Naye akipona akaviacha ghafla kwa kuwa amepona, maradhi huweza kumrudia. Muda wa kuacha huamuliwa na tabibu, kidogo kidogo.

Kwa upande wa maneno, habari inayonipa moyo inatoka kwa majirani. Katika vijiji thelathini vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watafiti wakiongozwa na Paul Bolton waliwafundisha kwa majuma mawili watu wa kawaida wa huko huko, wasio matabibu, namna ya kuongoza vikundi vya wagonjwa. Wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, walikutana mara moja kwa juma, saa moja na nusu, kwa majuma 16, wakizungumza juu ya misiba yao, ugomvi wao, na mabadiliko yaliyowaangusha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni mwa majuma yale, miongoni mwa waliohudhuria vikundi waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5 tu, hali katika vijiji ambavyo havikupata vikundi walikuwa asilimia 54.7. Naitazama habari hiyo na kuzikumbuka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilizoko katika kila kitongoji cha Ufipa, zinazokutana juma kwa juma nyumba kwa nyumba, pamoja na vikoba vya akina mama na misikiti ya mjini na ya pwani ya ziwa. Nyumba ya kukutania tunayo, siku tunayo, desturi tunayo. Kilichobaki ni mafunzo ya majuma mawili na kiongozi mwenye kutunza siri.

Watu wa nchi hii, kwa kweli, hawakuwa wakaidi utabibu ulipowajia. Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe na kusomeshwa utabibu Malta, alifika Karema mwaka 1889, naye akawatibu watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika mpaka kufa kwake mwaka 1956; jina lake leo limo katika hospitali ya kanisa mjini Sumbawanga. Waliompelekea vidonda na homa zao walikuwa na waganga wao nyumbani, na hawakuona haya kumwendea na yeye. Sioni kwa nini wajukuu wao waone haya kupeleka moyo ulioelemewa mahali babu zao walikopeleka mguu uliovunjika.

Wapo wacha Mungu wanaoogopa kwamba kukiri sonona ni kukiri upungufu wa imani. Hao nawaombea wasome tena habari za Nabii Eliya, baada ya ushindi wake mkubwa juu ya manabii wa Baali, alivyokimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi, wala hakumtajia adui. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha na kumlisha mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Padri, mwinjilisti au imamu amwendeaye mgonjwa wa sonona akafuata utaratibu huo, chakula na usingizi kwanza, swali la pole baadaye, lawama kamwe, atakuwa amefanya kazi ya tabibu nusu nzima.

Na dola nayo ina sehemu yake. Zaidi ya watu 700,000 hujiua duniani kila mwaka, na sonona ni mojawapo ya njia kuu zinazowafikisha huko. Walakini Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 217, humhesabu mtu aliyejaribu kujiua akanusurika kuwa ametenda kosa la jinai. Kwa hiyo familia iliyomwokoa ndugu yao husita kumfikisha hospitali, ikihofu polisi, na muuguzi husita kuandika alichokiona. Kifungu hicho hakijamzuia mtu yeyote, kwa maana aliyekata tamaa ya uhai haogopi kifungo. Nchini Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, chenye maana hiyo hiyo, kinapingana na Katiba. Wabunge wa Rukwa wana nafasi ya kuwa mstari wa mbele kuomba chetu kifutwe, na wakifanya hivyo watakuwa wamewatendea hisani watu ambao hawatajua kamwe jina la aliyewatetea.

Nawe msomaji, ambaye pengine umezikuta baadhi ya siku zako katika kurasa hizi, usingoje mpaka upate sababu ya huzuni yako, wala usikubali kutajiwa mtu. Nenda zahanati iliyo karibu, au hospitali ya mkoa pale Sumbawanga. Ukiulizwa unaumwa nini, taja kichwa na mgongo kama ilivyo kweli, kisha ongeza kwamba hulali, kwamba chakula hakina ladha, kwamba hali hii imepita majuma mawili, na kama fikra ya kufa imekujia, itamke hiyo kabla ya nyingine zote. Fikra hiyo ikiwa nawe usiku huu, usikae nayo peke yako: mwamshe aliye ndani ya nyumba, au mgongee jirani, umwambie akae nawe mpaka kukuche, akufikishe kwa tabibu.